Kichujio cha Hakimu

Jumatatu, 6 Mei

Mwenzangu,

Leo nimeanza likizo. Kazini nilisema nina mgonjwa nyumbani. Bosi akauliza ni nani. Nikasema Hakimu. Akasikitika, akasema mahakimu wana kazi ngumu, akanipa wiki nzima. Sikumrekebisha. Stoo ya samani haitakufa kwa kukosa mtu wa kuhesabu viti.

Wewe huna haja ya kuelezwa, lakini naandika nisije nikasahau uzeeni. Hakimu ni yule samaki wako mkubwa mweusi mwenye kingo za rangi ya chungwa, anayemtazama kila mgeni kama mtu aliyekwisha kukata hukumu. Ni mgonjwa kweli. Anahema juu ya maji, mdomo wazi. Maji yenyewe yamekuwa meupe, kama yale ya kuoshea mchele.

Siielewi sababu. Na usafi nimefanya! Juzi Jumamosi nilikifungua kichujio chako chote. Mwenzangu, usikasirike, lakini ile sponji ilikuwa aibu. Rangi ya kahawia, utelezi, harufu ya mtaro. Miezi yote hii tangu uondoke sikuwa nimeigusa. Nikaona nikufanyie heshima. Nimeiosha kwa sabuni ya limau, nimeichemsha kwenye sufuria kubwa, nimeianika juani. Ikatoka nyeupe kama shuka la hoteli. Nikarudisha kila kitu mahali pake, isipokuwa kipira kimoja kidogo ambacho hakikuonekana kuwa na kazi.

Tangu hapo kichujio kinakoroma. Ile sauti yake ya zamani ya maji yanayodondoka taratibu, iliyokuwa inatulaza usingizi kwenye kochi, imepotea. Nimekata shauri: kimezeeka. Nitanunua kipya.

Na lazima iwe kabla ya Jumamosi. Shemeji, mdogo wako, amepiga simu. Daktari wa meno anayefanya naye kazi anataka tangi kubwa pale wagonjwa wanaposubiri, watulie kabla ya kung'olewa. Shemeji akasema la kwetu lingefaa. Akasema pale kuna watu wa kulitunza. Anakuja Jumamosi kuona samaki wako katika hali gani, kisha tuamue. Alisema kwa upole. Upole wa Shemeji unajua mwenyewe ulivyo.

Nikamwambia samaki wana afya na maji yanang'aa kama kioo. Akauliza mbona sauti yangu inatetemeka. Nikasema ni mtandao.

Tangi likiondoka, sebuleni tutabaki mimi na televisheni, na hakuna kati yetu anayejua kusikiliza. Hapana. Haliondoki.


Jumanne, 7 Mei

Nimefika duka la samaki wa mapambo kabla halijafunguliwa. Nikazunguka jengo hadi mlinzi akaanza kuniandama kwa macho.

Muuzaji ana mdomo wa asali. Kila mteja kwake ni mzee wangu, hata yule binti aliyekuja kununua konokono. Akanionyesha vichujio vya kila namna. Kuna cha kuning'inia ukingoni mwa tangi. Kuna cha sponji tupu kinachosukumwa na hewa. Na kuna cha mkebe, kinachokaa kabatini chini ya tangi, kikiwa na mabomba mawili: moja linavuta maji, jingine linayarudisha. Akasema kwa tangi kubwa chukua cha mkebe. Akasema pia kitu nilichokiona ni porojo za biashara: eti usitazame nguvu ya mdomo, tazama ukubwa wa tumbo, yaani nafasi ya kuweka sponji. Nikacheka moyoni. Mtu gani ananunua kitu cha nguvu halafu anauliza tumbo?

Akaniuliza tangi langu ni la lita ngapi, kwa kuwa maji yote yanapaswa kupita kwenye kichujio kama mara nne kwa saa. Sikujua. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuulizwa kunauma. Nikasema nitarudi na jibu.

Nyumbani nikachukua futi yako ya ushonaji, ile ya njano, kwenye droo ya cherehani. Nikapima kwa uangalifu. Urefu, sentimita mia moja na themanini. Upana, themanini. Kimo, tisini. Nikazidisha mara tatu nisije nikakosea, na kila mara jibu likawa lilelile: karibu lita elfu moja na mia tatu.

Nikakaa chini. Miaka yote hii tumeishi na ziwa sebuleni na hukuniambia.

Nikarudi dukani mbio. Muuzaji akasema hana kichujio cha mkebe cha ukubwa huo, labda pampu ya bwawa. Akauliza kama nina bwawa. Nikasema ni tangi la sebuleni. Akanitazama. Nikamwonyesha hesabu. Akasema hesabu ni zangu, mzee wangu, yeye kazi yake ni kufunga mzigo.

Nimerudi na sanduku nimelikumbatia. Zito kama jiwe la kusagia. Kesho Hakimu atapumua. Shemeji atakuja akute maji yanakwenda mbio, na mdomo wake utajifunga wenyewe.


Jumatano, 8 Mei

Naandika nikiwa nimekaa juu ya meza ya kulia chakula. Zulia limelowa.

Nilifuata maelekezo. Nikatumbukiza pampu, nikachomeka waya, nikabonyeza swichi. Kwa muda mfupi kabisa ilipendeza. Halafu changarawe zote zikainuka. Wale samaki wadogo wa mkia mwekundu wakapita mbele yangu kinyumenyume. Yule kambare wako tuliyemwita Mlinzi kwa sababu hulala mchana kutwa, mimi sikuwahi kumwona akiogelea tangu aje, leo nimemwona anapaa. Hakimu alibanwa pembeni, shavu limegandamizwa kwenye kioo, jicho moja kwangu. Jicho lile sitalisahau. Maji yakaruka ukingo, yakaja ukutani, yakafika kwenye picha ya harusi.

Nikachomoa waya. Nilikuwa nimelowa hadi kwenye soksi.

Kumbe mlangoni amesimama Bomba. Jirani huyu, kama ujuavyo, alilaza mabomba ya mji huu hadi alipostaafu, na bado akinusa unyevu popote hawezi kujizuia. Akauliza kama hiyo mashine nimenunua ya kufugia samaki au ya kuzimia moto. Nikamwambia ndiyo kwanza naijaribu. Akasema anaona, na ukuta nao unaona.

Akazunguka tangi akigusagusa. Akasema vichujio vya dukani ni wizi. Yeye maisha yake yote amesafisha maji kwa mawe, mchanga na mkaa, na mji mzima ulikunywa. Kesho atanitengenezea kichujio kwa ndoo. Nikakumbuka siku alipotutengenezea bomba la jikoni na wewe ukapika umefungua mwavuli. Nilitaka kukataa. Lakini Jumamosi haiko mbali, na mfa maji haachi kutapatapa.

Nikakubali. Nikamwambia afike mapema. Akasema mafundi hawafiki mapema, hufika.


Alhamisi, 9 Mei

Bomba alifika adhuhuri na ndoo iliyotobolewa chini. Akaweka mawe. Akaweka mchanga. Akaweka mkaa. Akasema sasa anahitaji pamba, na macho yake yakaenda chumbani, yakaona mito. Akanyoosha mkono kwenye ule wa upande wako.

Nikamwambia huo hapana. Nikampa wangu. Leo nitalalia koti.

Tukawasha kipampu kidogo alichokuja nacho mfukoni, maji yakapanda kwenye ndoo, yakashuka kupitia tundu. Yakatoka meusi. Bomba akasema subiri. Tukasubiri. Nikaenda jikoni, nikarudi, nikaenda dirishani, nikarudi. Yakazidi kuwa meusi. Nikauliza kama huo mkaa aliuosha. Akasema katika kazi yake mkaa hauoshwi, huoshwa na maji yanayopita. Nikamwambia hayo maji yanayopita ndiyo wanayoyavuta samaki wangu puani. Akasema samaki hana pua. Nikasema anayo. Akasema nilete kitabu.

Mwisho akasema maji yangu yalikuwa yanaumwa kabla ya ndoo yake, na kwamba marehemu angekuwepo asingeruhusu upuuzi huu. Nadhani alisikia alichokisema. Akaondoka bila kuaga. Ndoo ameiacha.

Wawili wamekufa. Wale wadogo wa mkia mwekundu. Nimewazika kwenye chungu cha ua lako pale dirishani, lile ulilolinyoosha kwa kulifunga kwenye kijiti kwa utepe wa njano. Nikasema poleni.

Kule hospitalini kila nilipoingia swali lako la kwanza lilikuwa moja. Umewalisha? Hukuuliza mimi nimekula. Nilikuwa najibu nimewalisha, na ilikuwa kweli. Leo nimewalisha tena. Hakuna aliyekula.


Ijumaa, 10 Mei

Hakimu amelala chini, kiubavu kidogo. Akiniona ananyanyuka, kisha anaona ni mimi, anashuka.

Wewe ulikuwa unagonga kioo kwa pete, taratibu, naye anakuja kula mkononi. Nimegonga kwa kijiko. Nimegonga kwa ufunguo. Nimegonga kwa kidole hadi kimevimba. Hasogei.

Siwezi kukaa. Nimekwenda dukani kwa muuzaji nikafika mlangoni nikageuka. Nimekwenda kwa Bomba nikafika getini nikageuka. Nimepanga upya vikombe kabatini, vyote vinatazama kushoto. Nimevigeuza vikatazama kulia.

Kisha akili ikafunguka. Tatizo si maji. Tatizo ni Shemeji kuyaona. Asipoyaona, yako safi!

Mpango ni huu. Tangi nimelifunika kwa kile kitambaa cha maua, chote, mpaka chini. Nimesogeza televisheni mbele yake. Kichujio nimekizima kwa sababu kinakoroma, na ili isionekane nyumba imekuwa kimya nimelegeza bomba la jikoni lidondoke kwenye sufuria. Ukikaa kwenye kochi na usiwe na shaka moyoni, ni sauti ya kichujio kabisa. Zulia nimelifunika kwa magazeti. Nitasema nataka kupaka rangi.

Na akiuliza kwa nini wamefunikwa, nitasema samaki wana msiba. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya tatu sikucheka.


Jumamosi, 11 Mei

Mwenzangu, kaa vizuri nikusimulie.

Shemeji alifika na mkoba wake na viatu vyake vya kazini. Nikamkaribisha jikoni. Akasema atakaa sebuleni. Nikamwambia jikoni kuna hewa. Akaenda sebuleni. Akakanyaga magazeti, yakatoa maji.

"Shemeji," akasema, "bomba lako la jikoni linavuja."

Nikasema si bomba, ni kichujio.

"Na hilo tangi mbona limevalishwa?"

"Samaki wana msiba."

Akaniangalia kama anavyowaangalia, nadhani, wale wagonjwa wanaosema jino limeacha kuuma ghafla. Kisha akasogeza televisheni, akavuta kitambaa cha maua.

Hakupiga kelele. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na uso wa Hakimu, wakatazamana. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu nilipofanya usafi. Akauliza usafi gani. Nikaona hapa angalau nina cha kujivunia, nikaichomoa sponji kwenye kichujio, nikaikamua vizuri, nikamletea kwenye sahani.

Akainusa.

"Hii ni limau?"

"Sabuni ya limau. Na nimeichemsha."

"Umeichemsha."

"Kwenye sufuria kubwa."

Akaanza kucheka. Akacheka hadi akakaa chini kwenye magazeti, na sketi ya kazini. Akajaribu kusimama, akacheka tena. Nami nikacheka kwa kuwa alikuwa anacheka kama wewe, kwa mabega. Halafu mabega yakaendelea na kicheko kikawa kimekwisha. Sikujua nifanye nini. Nikampa kitambaa cha sahani.

Baadaye akanieleza. Akasema ule haukuwa uchafu. Samaki wanajisaidia mle mle wanamoishi, na ile taka inageuka sumu. Kwenye sponji chakavu wanaishi vijidudu vidogo visivyoonekana, na chakula chao ni hiyo sumu. Vinachukua muda mrefu kuzaliana. Ndiyo maana wewe ulikuwa unaikamua tu kwenye ndoo, kwa maji ya tangi lenyewe, wala hukuigusisha bomba. Kichujio ni nyumba, akasema. Wenye nyumba ndio wanaofanya kazi.

Nikaitazama sponji kwenye sahani. Nyeupe. Nikafikiri, kumbe kilichokuwa hai ulichokiacha humu ndani kwa mikono yako, nimekitia kwenye maji ya moto na nikakoroga kwa mwiko.

Nilikuwa na hoja zangu zote tayari, mwenzangu. Kwamba tangi ni letu. Kwamba daktari wa meno anunue lake. Nikamtazama Hakimu, amelala kiubavu, na hoja zote zikaniishia.

"Lichukue," nikamwambia. "Chukua tangi, chukua na kabati. Ilimradi asife."

Shemeji akasimama, akachukua mkoba, akasema nisiguse kitu chochote, hata kikombe. Akatoka.

Nikajua amekwenda kuleta gari la kubebea. Nikakaa mbele ya kioo nimuage Hakimu. Nikamwambia kule kuna watu wengi wa kuwahukumu, na wote wana hatia ya meno, kazi haitakwisha. Nikamwambia wakisahau kukulisha tazama mlangoni, nitakuwa nakuja, hata kama itabidi ning'olewe jino kila mwezi. Nikagonga kioo. Sikugonga kwa kidole. Nilitoa pete yako kwenye kikopo cha vifungo, ikakwama kwenye kidole kidogo, nikagonga nayo taratibu.

Alifungua jicho. Akageuka. Akanyanyuka kiasi cha kiganja, akachoka, akashuka. Lakini alinyanyuka.

Shemeji akarudi. Hakuwa na gari. Alikuwa na kopo la siagi lililojaa maji machafu, amelishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Ndani kulikuwa na kipande cha sponji. Kahawia, chenye utelezi, chenye harufu ya mtaro.

"Hiki ni cha dada," akasema. "Ule mwaka kale katangi kangu pale kazini kalipokuwa kanakufa, alikata nusu ya sponji yake, akaniletea kwenye kopo kama hili. Ndiyo inayofanya kazi mpaka leo. Nami nimekukatia nusu ya ile nusu."

Alinipa kopo nilishike wakati anafungua kichujio. Nililishika.

Akaona mara moja kwamba kuna kipira hakipo. Nikakitoa kwenye mfuko wa shati. Akakirudisha mahali pake, akaweka kipande cha sponji, akatoa theluthi ya maji machafu, akaongeza mapya aliyoyatia kwanza dawa ya kuondoa ukali wa maji ya bomba. Akabonyeza swichi.

Mwenzangu, sauti! Ileile. Nikaenda jikoni haraka nikafunge lile bomba, lisiharibu.

Kisha akauliza hiyo mashine ya kuzimia moto imetoka wapi. Kumbe wamekutana na Bomba getini. Nikamwonyesha hesabu zangu. Akasema tangi hili ni la lita mia nne na hamsini, wewe mwenyewe ulimwambia siku mliponunua. Nikasema nilipima kwa mkono wangu. Akaomba futi. Akaivuta, akatazama mwanzo wake, akanigeuzia.

Inaanzia thelathini.

Kipande cha mbele hakipo. Kimekatwa, na ncha imepindwa na kushonwa vizuri kabisa, kwa mkono wako. Nikageuka dirishani. Ule utepe wa njano kwenye ua, ninaoumwagilia kila asubuhi, una namba. Moja, mbili, tatu, mpaka thelathini. Wewe ulikuwa unatoa thelathini kichwani kila ulipopima, na nguo zetu zote zikatukaa. Mimi nimeongezea ziwa.

Jua lilipoanza kushuka Shemeji bado alikuwa kwenye kochi. Nikauliza gari linakuja saa ngapi. Akasema daktari wa meno atatundika picha ya samaki, wagonjwa wenyewe huwa wamefumba macho. Kisha akasema, akitazama maji, kwamba hakulitaka tangi kwa ajili ya daktari. Alitaka mahali pa kukaa na wewe kidogo, na hapa aliona aibu kuja bila sababu.

Nikamwambia Jumamosi ni sababu.

Akasema atakuja, ila chai yangu ni adhabu, atabeba yake.


Jumanne, 14 Mei

Nimerudi dukani. Muuzaji amekataa kuirudisha pampu kwa sababu imekwisha kulowa. Nikamuuliza pampu ya maji ambayo haijalowa ni pampu gani. Akasema ni mpya, mzee wangu.

Nimenunua cha mkebe, chenye tumbo kubwa na mdomo wa kiasi. Shemeji alinielekeza kwa simu nikiwa nimesimama dukani, na muuzaji akiitikia kwa kichwa kila neno kana kwamba yeye ndiye aliyesema. Vyote viwili vitafanya kazi pamoja, cha zamani na kipya, hadi kipya kichakae na kupata wenyeji wake. Sponji haiguswi. Nimerudia mara mbili nyuma yake: sponji haiguswi.

Bomba amekuja kuchukua ndoo. Akasimama. Akaomba radhi kwa lile neno la marehemu. Nikasema yamepita. Akaniunganishia mabomba ya mkebe. Sijui nimweleweje mtu huyu: hayavuji hata tone, na amekasirika sana kuona nimeshangaa.

Hakimu amekula kipande kimoja. Amekitema. Amekila tena.


Jumapili, 2 Juni

Maji yanang'aa kama kioo, na safari hii si uongo. Mlinzi amelala. Hakimu nikigonga kwa pete anakuja, ananitazama, anaona ni mimi, na anakula hivyohivyo. Jana Shemeji alikaa hadi chai yake ikaisha, kisha akanywa na yangu. Bomba naye alikuwepo. Tuliketi watatu tunatazama maji kama watu walio kwenye sinema. Shemeji akasema sasa nimejifunza. Nikasema nimejifunza.

Sasa sikiliza.

Ile pampu ya bwawa iko kwenye sanduku lake chini ya kitanda, mpya, haina kosa. Haipendezi kitu chenye nguvu namna ile kulala bure. Leo baada ya chakula nimezunguka uani mara kadhaa, na kila nikizunguka nikaona jambo lilelile. Pampu si kubwa mno. Maji ndiyo madogo.

Bomba ameafiki. Kesho anakuja na jembe. Amesema atafika.

Nimekwisha kupima pale utakapokuwa ukuta wa bwawa, kwa futi yako. Wala sikusahau zile thelathini. Nimeziongeza kila upande.

Na kwa kuwa bwawa nalo litahitaji wenyeji, nimekata kipande kidogo sana cha ile sponji yako, ukubwa wa kidole gumba, nikakiweka akiba kwenye kopo la siagi. Kilichobaki kiko salama kwenye kichujio, sijakigusa. Ila hicho kipande, mwenzangu, kilikuwa kichafu kupita kiasi. Nimekisuuza kidogo tu. Maji ya moto. Sabuni hata sikuimalizia.

Shemeji sijamwambia. Nataka imjie kwa furaha.

Nimewalisha. Na mimi nimekula.

Unikumbuke.